Nguzo za Turkana: mawe yaliyowekwa mwisho

Kando ya barabara inayotoka Lodwar kwenda Kalokol, magharibi mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, zimesimama nguzo za basalti ambazo hazina urefu wa kutisha wala nakshi ya kuvuta jicho. Baadhi zimeinama, na juu yake wapita njia wamezoea kuacha vijiwe vidogo. Waturkana hupaita mahali hapo Namoratunga, yaani watu wa mawe, na simulizi inayojulikana zaidi husema kuwa nguzo hizo zilikuwa watu waliokuwa wakicheza ngoma, wakamcheka asiyepaswa kuchekwa, wakageuzwa mawe palepale walipokuwa. Waturkana waliingia nchi hiyo katika karne chache zilizopita na kuzikuta nguzo zikiwa tayari za kale mno, kwa hiyo simulizi yao ni jibu kwa swali ambalo mtu yeyote anayefika hapo hulazimika kuuliza: ni nani aliyeyasimamisha mawe haya, na kwa kazi gani?

Jibu lililosambaa zaidi nje ya Turkana halikutoka kwa Waturkana. Mwaka 1978 watafiti wawili Wamarekani, B. Mark Lynch na Lawrence Robbins, walichapisha makala katika jarida la Science wakidai kuwa nguzo 19 za Kalokol zilipangwa kwa makusudi kuelekea pale zinapochomoza nyota na makundi ya nyota saba, yakiwemo Kilimia, Orioni na Sirius. Nyota hizo si za kubahatisha. Ndizo zinazotumiwa na wataalamu wa kalenda wa Waborana wa kaskazini mwa Kenya na kusini mwa Ethiopia, ambao huhesabu mwaka wa siku 354 kwa kuulinganisha mwezi na nyota bila kulitazama jua hata kidogo, kama alivyoeleza mwanaanthropolojia Asmarom Legesse mwaka 1973. Lynch na Robbins walizipa nguzo umri wa karibu mwaka 300 kabla ya Kristo, wakazihusisha na jamii za Wakushi wa wakati huo, na wakasema kuwa huo ulikuwa ushahidi wa kwanza wa elimu ya nyota ya kale kusini mwa Sahara.

Ni rahisi kuelewa kwa nini dai hilo lilipendwa, na kwa nini hadi leo vijitabu vya watalii huiita Kalokol Stonehenge ya Kenya, kwa kuifananisha na mawe maarufu ya kale yaliyosimamishwa Uingereza. Bara hili lilikwisha kuchoshwa na wageni waliokataa kuamini kwamba Waafrika waliweza kujenga chochote cha mawe. Mvumbuzi Mjerumani Karl Mauch alipofika kwenye magofu ya mawe ya Zimbabwe Kuu mwaka 1871 alimkumbuka Malkia wa Sheba kabla ya kuwakumbuka Washona, na ilimbidi mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson arudie kazi ya uchimbaji mwaka 1929 ili kuthibitisha jambo ambalo David Randall-MacIver alikuwa amelisema tangu mwanzoni mwa karne, kwamba waliojenga ni Waafrika. Baada ya dhuluma ya namna hiyo, habari kwamba wafugaji wa Afrika Mashariki walikuwa na chombo cha mawe cha kusomea anga ilipokewa kama fidia. Lakini fidia nayo hukaguliwa, na dai la kalenda, nionavyo mimi, lilitukosesha jambo kubwa kuliko lile lililotupatia.

Tuanze na vipimo vyenyewe. Basalti ni mwamba wa volkeno wenye chembe za madini ya chuma, na nguzo zake huweza kuivuta sindano ya dira ikakengeuka. Mwanaakiolojia Robert Soper alipokwenda kupima upya, katika makala yake ya mwaka 1982, alionyesha kuwa nguzo za Kalokol zina usumaku na kwamba vipimo vya awali vilihitaji kusahihishwa. Watafiti wengine waliofuata walijaribu kuuokoa mpangilio huo kwa kutumia vipimo vipya, wakapata baadhi ya mielekeo ambayo bado ingeweza kulingana na nyota. Hapo ndipo hesabu ndogo inapofaa. Nguzo 19, zikiunganishwa mbilimbili, hutoa mistari 171, na kila mstari unaweza kutazamwa kutoka pande zote mbili, kwa hiyo mtafiti ana mielekeo 342 ya kuchagua katika duara lenye nyuzi 360. Mwenye mielekeo mingi kiasi hicho akitafuta nyota saba atazipata, na angetafuta nyota nyingine saba angezipata pia. Hilo peke yake halithibitishi kuwa Lynch na Robbins walikosea, ila linaonyesha kuwa ulingano waliouona haukuwa na uzito waliodhani unao.

Pigo lililo zito zaidi lilihusu umri. Nguzo za Kalokol hazikupimwa umri wake zenyewe. Tarehe ya mwaka 300 kabla ya Kristo ilitokana na makaburi ya Lokori, karibu na Mto Kerio, mbali na Kalokol upande wa kusini, ambako makaburi yamezungushiwa mawe yaliyosimamishwa na kuchorwa alama zinazofanana na chapa za mifugo. Kwa kuwa mahali pote pawili palikuwa na mawe yaliyosimamishwa, na pote paliitwa Namoratunga, ilichukuliwa kuwa ni kazi ya watu wale wale wa wakati ule ule. Baadaye timu ya mwanaakiolojia Elisabeth Hildebrand, pamoja na wenzake wakiwemo John Shea na Katherine Grillo, ilichimba maeneo manne ya nguzo magharibi mwa ziwa, yaani Kalokol, Manemanya, Lothagam Magharibi na Lothagam Kaskazini, na ikabainika kuwa ujenzi wa nguzo hizi ni wa zamani zaidi kwa maelfu ya miaka, wa kipindi kilichoanza yapata miaka 5,000 iliyopita. Na anga la miaka 5,000 iliyopita halikuwa kama la mwaka 300 kabla ya Kristo. Mhimili wa dunia huyumba polepole katika mzunguko wa takriban miaka 26,000, na kwa sababu hiyo mahali inapochomoza nyota husogea kadiri karne zinavyopita. Nguzo zilizolengwa kwa anga la enzi moja haziwezi kuwa zimewekwa kwa ajili ya anga la enzi nyingine, labda mtu aseme kuwa wajenzi walipiga ramli.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa kalenda za mawe hulipita haraka. Mtu anayeihitaji nyota kwa maisha yake hahitaji nguzo ili kuiona. Wakulima na mabaharia wa pwani yetu wamejua tangu zamani kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na kwa elimu hiyo walipanga kupanda na kusafiri bila kusimamisha jiwe lolote. Waborana wenyewe, ambao kalenda yao ndiyo iliyotumiwa kama ufunguo, huisoma kwa macho na kwa kumbukumbu. Wafugaji wa Turkana ya kale bila shaka walizijua nyota, maana asiyezijua hawezi kuswaga mifugo usiku katika nchi ya joto kama ile. Kinachopingwa hapa ni kuwa nguzo zilisimamishwa ili ziwafundishe kile walichokijua tayari.

Basi zilisimamishwa kwa nini? Kosa la wengi wetu ni kuyatazama mawe na kuuliza yanafanya nini, wakati kazi yenyewe iko chini yake. Eneo lililochunguzwa kwa kina kuliko yote ni Lothagam Kaskazini, na matokeo yake makuu yalichapishwa mwaka 2018. Lothagam lilikuwa jina maarufu kwa wataalamu hata kabla ya hapo, kwa sababu ya mabaki ya wanyama wa mamilioni ya miaka iliyopita, na pia kwa sababu Robbins, huyu huyu wa kalenda, alifukua huko katika miaka ya 1960 vyusa vya mifupa na maziko ya wavuvi waliokuwepo kabla ya mifugo kufika. Kinachoonekana juu ya ardhi huko Lothagam Kaskazini ni jukwaa la mawe la mviringo lenye kipenyo cha takriban mita 30, nguzo kadhaa zilizosimama juu yake, na kando yake miduara ya mawe na marundo madogo. Mtu anayepita na kamera ataridhika na hayo.

Waliochimba waligundua kuwa jukwaa ni kifuniko. Kabla ya kuweka jiwe hata moja juu, watu waliondoa mchanga wa ufuo wa zamani wa ziwa katika eneo la takriban mita za mraba 120 mpaka wakafikia mwamba laini ulio chini, kisha wakachimba makaburi ndani ya mwamba huo huo. Wafu wa mwanzo walilazwa katika mashimo hayo. Waliofuata walizikwa juu yao, wakabanana kwa karne nyingi, mpaka shimo lote likajaa. Hapo ndipo palipofunikwa kwa mawe, na hapo ndipo nguzo zilipoletwa na kusimamishwa juu, baadhi zikitoka umbali wa hadi kilomita moja. Kwa maneno mengine, tunachokiita mnara ndicho kilichofanywa mwisho katika kazi iliyoendelea kwa vizazi vingi, kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita.

Inafaa kutua kidogo kwenye nguzo zenyewe, kwa kuwa zinasema mengi kuhusu uzito wa kila sehemu ya kazi. Lava ya basalti inapopoa hupasuka yenyewe kuwa vipande virefu vyenye pande tano au sita, kana kwamba fundi alivichonga kwa rula. Mjenzi wa Turkana hakuhitaji patasi. Alihitaji kuviona mahali vilipokwisha kukatika, kuving'oa na kuvibeba au kuviburuta. Wajenzi wa Stonehenge, walioanza kazi yao kusini mwa Uingereza karibu wakati ule ule, na ambao nao walianza kwa mtaro na maziko ya majivu ya wafu, hatimaye walileta mawe kutoka Wales, umbali wa karibu kilomita 240, na jiwe moja kubwa, kama ilivyobainika mwaka 2024, kutoka kaskazini-mashariki mwa Scotland. Ukipima kwa jasho la kusafirisha mawe, Turkana haishindani na Stonehenge, na jina la Stonehenge ya Kenya linaiweka kwenye mashindano ambayo haikuyaingia. Jasho la Turkana lilimwagika katika kuchimba, katika kuzika, na katika kurudi mahali pale pale kwa muda mrefu kiasi kwamba aliyefunika hakumjua aliyechimba.

Idadi ya waliozikwa Lothagam Kaskazini inakadiriwa kuwa watu wasiopungua 580. Nasisitiza neno kukadiriwa, kwa kuwa kilichofukuliwa ni sehemu ndogo tu, nayo rada ya kupenya ardhini ilitumika kujua ukubwa wa shimo lililobaki bila kuguswa, ndipo hesabu ikafanywa kutokana na msongamano wa miili iliyoonekana. Wamo wanaume na wanawake, wazee na watoto wachanga, wote katika shimo moja, bila kona ya wakubwa. Karibu kila mmoja alizikwa na mapambo yake. Kuna shanga za mawe ya rangi mbalimbali, shanga za maganda ya mayai ya mbuni, na pete za meno ya viboko. Mtu mmoja alizikwa na pambo la kichwani lililotengenezwa kwa meno ya mbele ya panya wa jangwani, zaidi ya meno 400. Kwa kuwa panya ana meno ya mbele manne tu, pambo hilo peke yake liligharimu panya zaidi ya 100, na vidole vyenye subira isiyo ya kawaida.

Usawa huo wa mapambo ndio uliowashangaza wataalamu, na ni haki yao kushangaa. Kwa muda mrefu vitabu vya akiolojia vilifundisha kwa mpangilio mmoja: kwanza kilimo na ziada ya chakula, halafu tabaka la watawala, halafu watawala huwaamrisha wengine kujenga makaburi makubwa. Piramidi za Giza zinaingia vizuri katika mpangilio huo. Göbekli Tepe nchini Uturuki, iliyojengwa na wawindaji zaidi ya miaka 11,000 iliyopita, ilikwisha kuuvuruga. Lothagam Kaskazini inauvuruga kutoka upande mwingine, kwa sababu hapa kuna wafugaji wahamaji, wasio na miji wala maghala, wanaojenga kitu kikubwa kwa karne kadhaa bila dalili kwamba yeyote kati yao alikuwa bwana wa mwenzake.

Hata hivyo ningependa tuutie usawa huo kwenye mizani kabla ya kuusifu. Utajiri wa mfugaji hauvaliwi shingoni, bali uko zizini, na ng'ombe hazikwi na mwenyewe. Mtu angeweza kuwa na mifugo mia mbili na jirani yake akawa na mitano, na bado wote wawili wakashuka kaburini na shanga zinazolingana, hasa ikiwa desturi ya mazishi ilikusudiwa kuwaonyesha wafu kuwa sawa. Kaburi hutuonyesha kile ambacho walio hai walitaka kukisema, na walichosema Lothagam ni kwamba mbele ya shimo hili hakuna mkubwa. Hilo ni jambo kubwa hata kama maishani mambo hayakuwa hivyo, na pengine ni kubwa zaidi ikiwa hayakuwa hivyo.

Kisha kuna suala la nani aliingizwa mle. Chukua watu 580 na uwagawanye katika kipindi cha miaka 700. Utapata maziko yasiyofikia moja kwa mwaka. Hata kama makadirio ni ya chini, na idadi ya kweli ikawa mara mbili, bado hayafiki mazishi mawili kwa mwaka kwa wastani, na jamii yoyote ya watu mia kadhaa hupoteza watu wengi zaidi ya hapo. Kwa hiyo ama jamii ilikuwa ndogo mno, au wafu waligawanywa baina ya maeneo mengi ya nguzo, au wengi walizikwa kwingine kabisa na wachache tu ndio walioletwa hapa. Naegemea uwezekano wa mwisho, nikiuchanganya na ule wa pili. Mfugaji hufia malishoni, mbali na ziwa, katika msimu ambao hakuna anayeweza kusafiri, na walioletwa Lothagam yaweza kuwa ni wale waliofariki wakati watu walipokuwa wamekusanyika, au wale ambao jamaa zao waliweza kuwafikisha. Kama ni hivyo, usawa ulikuwa ndani ya shimo, lakini mlangoni palikuwa na uchaguzi, hata kama uchaguzi huo ulifanywa na bahati na umbali badala ya mzee fulani mwenye mamlaka.

Sababu ya kukusanyika inaonekana vizuri zaidi ukilitazama ziwa kuliko ukizitazama nguzo. Katika kipindi kirefu cha mvua nyingi kilichoanza baada ya enzi ya barafu, Ziwa Turkana lilikuwa juu ya usawa wake wa leo kwa makumi ya mita, na maji yake yalifurika mpaka yakapata njia ya kuelekea upande wa Nile. Mvua zilipopungua, Sahara ikakauka, na ziwa likaanza kushuka. Sehemu kubwa kabisa ya maji yake hutoka Mto Omo wa Ethiopia, kwa hiyo ukame wa nyanda za juu za huko ulifika Turkana kama ufuo unaokimbia. Wavuvi waliokuwa wameishi kandokando ya maji waliona maji yakiwaacha. Wakati huo huo watu wenye ng'ombe, kondoo na mbuzi walikuwa wakishuka kutoka kaskazini, wakikuta nyanda mpya zilizoachwa wazi na ziwa. Jukwaa la Lothagam Kaskazini limejengwa juu ya mchanga wa ufuo. Anayesimama pale leo yuko mbali na maji, lakini chini ya miguu yake pana ushahidi kwamba maji yaliwahi kufika.

Hata sisi tumeona kwa macho yetu jinsi ziwa hili linavyoweza kuhama. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwanda cha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norway kilikamilika huko Kalokol, na katikati ya muongo huo huo Ghuba ya Ferguson, iliyokuwa tegemeo la uvuvi wa eneo hilo, ikakauka. Kiwanda hakikudumu. Waliokijenga walikuwa na wahandisi na takwimu, na bado ziwa liliwazidi ujanja. Fikiria mfugaji wa miaka 5,000 iliyopita ambaye hana hakika ufuo utakuwa wapi watoto wake watakapokua.

Kwa mtu kama huyo, mahali pasipohama ni mali. Wafugaji huishi kwa kutawanyika, lakini hawawezi kuishi kwa kutawanyika tu. Vijana wanahitaji wachumba wasio wa ukoo wao, aliyepoteza mifugo anahitaji rafiki wa kumkopesha mbegu ya kuanzia upya, na habari za malisho, maradhi na vita hazina budi kufika. Wafugaji wa Turkana na majirani zao bado huendesha mambo hayo kwa urafiki wa mifugo unaorithishwa kutoka baba hadi mwana. Shimo la wafu wa pamoja, lililo kwenye mwinuko unaojulikana na kila mtu, linaweza kufanya kazi ambayo ufuo hauwezi kuifanya tena. Watafiti wa Lothagam hulieleza jambo hili kama kuimarisha mshikamano na utambulisho wa jamii wakati wa mabadiliko makubwa, nami nakubaliana nao kwa sehemu kubwa.

Ninachoona kimepungua katika maelezo hayo ni ukali. Mshikamano ni neno laini mno kwa nchi ambayo maji yanapungua na watu wanaongezeka. Penye makaburi ya babu pana dai, na aliyewazika babu zake hapo hawezi kuambiwa kirahisi kuwa malisho ya hapo si yake. Kuzunguka ziwa kuna maeneo mengine ya aina hii, pamoja na Jarigole upande wa mashariki, kule ambako ng'ambo ya maji haionekani siku ya vumbi. Ikiwa kila eneo lilikuwa la kundi lake, basi tunachokitazama ni ramani ya madai ya wafugaji waliokuwa wakigawana ufuo. Ikiwa maeneo yote yalikuwa ya wote, basi ni vituo vya mikutano ya watu wamoja. Vyombo vya udongo vyenye nakshi ya aina ya Nderit, mtindo wa ufinyanzi wa wafugaji wa mwanzo, vimepatikana pande zote mbili za ziwa, na desturi ya kuzika kwa pamoja chini ya jukwaa na nguzo nayo inafanana, jambo linaloniegemeza zaidi upande wa mikutano. Lakini sioni kwa nini yote mawili yasiwe kweli. Watu wanaweza kukutana kwa amani mahali fulani kwa sababu hasa kila mmoja anajua mahali hapo ni pa nani.

Ushahidi ulio mzuri kuliko wote kuhusu kazi ya nguzo ni kwamba ziliachwa. Kufikia karibu miaka 4,300 iliyopita, wakati ambapo mvua na ziwa vilikuwa vikitulia katika hali mpya iliyo kame zaidi, maziko ya Lothagam Kaskazini yalikoma. Hakuna dalili kwamba watu walikufa wote au walifukuzwa. Ufugaji uliendelea, ukashuka kusini kufuata Bonde la Ufa, na kufikia karibu miaka 3,000 iliyopita ulikuwa umefika nyanda za kusini mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Nguzo hazikwenda nao. Katika Pango la Mto Njoro, karibu na Nakuru, ambalo Louis na Mary Leakey walilichimba mwaka 1938, wafugaji wa baadaye waliwachoma wafu wao na kuwaweka pangoni pamoja na mabakuli ya mawe na shanga. Kwingineko waliwafunika kwa marundo ya mawe, mmoja hapa na mwingine pale. Desturi ya shimo moja la wote lenye nguzo juu yake ilibaki Turkana, pamoja na tatizo lililoizaa. Kama nguzo zingekuwa kalenda, wafugaji wale wangezihitaji zaidi walipofika kusini kwenye majira ya mvua wasiyoyazoea, na tungezikuta Naivasha na Serengeti.

Kutokana na hayo, swali la kusudi la nguzo halina jibu moja, kwa kuwa kusudi lenyewe halikuwa la mtu mmoja. Waliochimba mchanga mpaka kwenye mwamba walikuwa watu waliofika juzi katika nchi inayobadilika, wakitafuta mahali pa kukutania na pengine pa kudai. Waliozika katikati, kizazi baada ya kizazi, walikuwa wakifuata desturi ambayo kwao ilikuwepo siku zote, na huenda hawakuwahi kuona nguzo hata moja mahali pale. Waliofunika na kusimamisha nguzo walikuwa watu wa mwisho, ambao shimo lao lilikuwa limejaa na ziwa lao limetulia, na kazi yao ilikuwa kufunga. Dai la kalenda lilichukua tendo la hawa wa mwisho na kuligeuza kuwa maana ya kazi yote, na lilifanya hivyo huko Kalokol, mahali palipochimbwa kidogo kuliko Lothagam na palipotazamwa zaidi kwa sababu pako kando ya barabara. Utafiti ujao wa Kalokol ungefaa kuanza na rada ile ile iliyotumika Lothagam, ili kujua kilichofunikwa kabla ya kupima tena mahali nguzo zinapoelekea.